Kujua Gari Kwanza, Kiisha Kubadili Usukani



Leo tuangalie ulizo moja linaloleta mabishano mengi jioni. Shofere akiona usukani (volani) ni mzito, ao gari halimsikii vizuri katika kona, aanze na nini? Atafute feza za kuweka volani mupya, ao ajifunze tabia ya gari lake? Wengi wetu tutashika volani kiisha masomo, na wakati wa likizo wote tunapanda kamio. Basi siyo neno la mafundi peke yao.

1. Kazi ya volani

Ukigeuza volani, chuma kirefu kinapeleka nguvu mpaka kwenye sanduku la meno, na vyuma vingine vinageuza magurudumu ya mbele. Katika volani ya nguvu, pompi inayozungushwa na moteri inasukuma mafuta ili kusaidia mikono. Francis Davis wa Marekani alitengeneza namna hii katika miaka ya 1920, na mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ikaanza kuiuza katika motokari. Ni musaada mzuri, zaidi kwa gari nzito. Lakini muangalie: unasaidia mikono ya shofere, hausaidii mipira ya magurudumu kushika njia.

Wengine wananunua volani ndogo ya mapambo. Kwa sheria ya wenzo, volani ikiwa ndogo mkono unafanya kazi zaidi. Hapo mtu ametoa feza ili achoke!

2. Hesabu ya fizika

Kila mupira unagusa chini kwa nafasi ndogo tu, karibu na kiganja cha mkono. Ni pale gari linapojishika. Tuchukue gari la kilo 1500 katika kona ya nusu-kipenyo mita 30. Kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa, mipira inapashwa kuvuta gari kando kwa nguvu ya nyutoni karibu 3470 (uzani mara mwendo mara mwendo, gawanya kwa nusu-kipenyo). Kwa kilometa 60, nguvu haizidi mara mbili, inazidi mara ine: nyutoni karibu 13900. Uzito wa gari lote ni nyutoni 14700! Hata juu ya lami kavu mipira ya kawaida itashindwa. Juu ya matope, tusiseme.

Magurudumu ya mbele yakianza kuteleza, kuzidi kugeuza volani ni bure, gari litaendelea mbele tu. Dawa ni kuachilia akseleta na kurudisha volani kidogo, mpaka mipira ishike tena. Lakini dawa bora ni kupunguza mwendo mbele ya kona. Hakuna volani ya bei kubwa inayoweza kufuta hesabu hii.

3. Katika muteremko

Wanaojua njia ya Bukavu kwenda Uvira wanajua muteremko wa Ngomo: mlima upande moja, bonde upande mwingine. Katika miteremko ya namna hiyo kuna shofere anayezima moteri ili kulinda esansi. Moteri ikizimika, pompi inasimama, na volani ya nguvu inakuwa nzito ghafula. Freni nazo katika magari mengi zinapoteza musaada wao. Mtu huyu alikuwa na usukani mzuri, lakini hakujua nguvu zake zinatoka wapi. Na watu wanaokaa juu ya mizigo hawajui hata kidogo kwamba wako katika hatari.

4. Namna ya kulijua gari

a) Mbele ya safari, geuza volani kidogo kushoto na kuume. Kama inacheza sana bila magurudumu kugeuka, viungo vimelika.

b) Pima upepo wa mipira. Upepo ukipunguka mbele, volani inakuwa nzito, na tunasingizia usukani bure.

c) Katika kiwanja kitupu, kwa mwendo mdogo, geuza, kanyaga freni, sikia gari linavuta upande gani.

d) Rudia na mizigo. Mizigo mingi nyuma inapunguza uzito juu ya magurudumu ya mbele. Volani inakuwa nyepesi, lakini gari linasikia kidogo. Mizigo ya juu inalaza gari katika kona.

5. Basi kubadili ni kubaya?

Apana. Viungo vikilika, ao mafuta yakivuja, fundi atengeneze mara moja. Hapo ujuzi wa shofere hautoshi. Na kama kila kitu kiko sawa, lakini gari ni nzito na mikono inachoka, volani ya nguvu ni feza iliyotumiwa vizuri. Lakini kulijua gari kunatangulia, ju mwenye kulijua ataweza kuonyesha fundi ni nini inapashwa kubadilishwa.

Maulizo ya kujipima

1. Kwa nini volani ya nguvu haiongezi kushika kwa mipira?
2. Tafuta nguvu ya kona ileile kwa mwendo wa kilometa 45 kwa saa.
3. Likizo ikifika, shofere wa kamio yenu akizima moteri katika muteremko, utamwambia nini, na kwa heshima gani?

Mulete majibu kwa kapita wa darasa lenu.

Kapita mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita