Anapepesa Macho, Anatikisa Bega: Daktari Amjibu Mama wa Mwansabombwe

Swali: Daktari, mwanangu wa miaka minane hupepesa macho, hutikisa bega na kukohoakohoa bila mafua. Mwalimu anasema ni utundu, shangazi yake anasema karogwa.

Jibu: Mama, hajarogwa wala si mtundu. Dalili hizo zinafanana sana na tiki, yaani miondoko au sauti za ghafla zinazojirudia. Kwanza mtoto huhisi msukumo mwilini, kama anayetaka kupiga chafya. Anaweza kuuzuia kidogo, kisha humshinda. Ndiyo maana mwalimu hudhani anakusudia. Georges Gilles de la Tourette wa Ufaransa aliieleza hali hii mwaka 1885. Leo tunajua inatokana na mitandao ya neva inayoongoza mwendo, na jeni nyingi za ukoo huchangia.

Swali: Nitajuaje kwamba si kifafa? Malaria ya huku kwetu huwapa watoto degedege.

Jibu: Una haki ya kuogopa, malaria ya ubongo huweza kuacha kifafa. Lakini mwenye tiki hapotezi fahamu: mwite, atakuitika. Tofauti na tiki, watoto wa Mahenge, Tanzania, ambao daktari Louise Jilek-Aall aliwakuta wakiinamisha vichwa miaka ya 1960, walikuwa na aina ya kifafa. Akizubaa, akianguka, au mikono ikianza kuchezacheza ovyo wiki kadhaa baada ya kuumwa koo, usingoje. Nenda hospitali ya Mbereshi apimwe, na moyo pia, kwani maradhi hayo ya koo huweza kuudhuru.

Swali: Na dawa?

Jibu: Haloperidol ipo, ila huleta usingizi na kukakamaa. Siyo ya kuanza nayo; bora kuanza na mafunzo. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya watoto 126: kati ya waliofundishwa kuutambua msukumo na kuujibu kwa mwondoko mwingine, takriban 53 kwa kila 100 walipata nafuu kubwa, kwa wenzao waliopewa ushauri tu, 19. Mwaka 2021 Uingereza iliwafunza watoto kudhibiti tiki kwa intaneti, katika utafiti wa watoto 224, nao walinufaika. Habari hii inanifurahisha mno, kwa sababu hapa kwetu Luapula, Zambia, mtaalamu yuko mbali.

Swali: Kwa sasa nifanye nini?

Jibu: Usimkemee, na msimwambie “acha” kila mara, kwani wasiwasi huzizidisha tiki. Kwa kawaida tiki hupamba moto kwenye miaka 10 hadi 12, kisha kwa wengi hupungua. Nenda shuleni ukamweleze mwalimu haya yote, na umwombe asimchape.