Uzi wa Gitaa Ukikatika



Darasa letu lina gitaa moja. Mwaka jana uzi wake wa tatu ulikatika. Tukazitazama nyuzi nene, tukaona zinang'aa kama chuma. Basi tukanunua nyuzi za chuma, zote sita, tukazifunga jioni ile ile. Asubuhi tukakuta kile kibao cha tumboni kinachoshika nyuzi kimeng'oka. Kosa lilikuwa letu, maana gitaa lile ni la nyuzi za nailoni.

Nyuzi 6 za chuma zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya kiasi cha kilo 70. Za nailoni huvuta kiasi cha kilo 40 tu. Sasa utatambuaje gitaa lako? Usitazame nyuzi tatu nene, kwa sababu hata za nailoni huzungushiwa waya mwembamba kwa juu. Hizo ndizo zilizotudanganya sisi. Gusa zile tatu nyembamba. Zikiwa kama mshipi wa kuvulia samaki, ni nailoni. Na wale wanaotumia waya wa breki ya baiskeli wakumbuke kwamba huo nao ni chuma.

Haya, tuanze kazi. Badilisha uzi mmoja mmoja. Legeza kwanza uzi wa zamani mpaka ulale kabisa, ndipo uukate. Uzi uliokazwa ukikatwa huruka, na jicho halina spea.

Uzi wa nailoni upitishe katika tundu la kibao, urudishe nyuma, uuzungushe chini ya uzi wenyewe mara mbili au tatu, halafu uvute. Ncha ibanwe nyuma ya ukingo wa kibao. Uzi wa chuma una kidonge mwishoni, hicho ndicho kinachoushika. Upande wa kichwani, pitisha ncha katika tundu la kigingi, acha urefu wa kutosha mizunguko miwili au mitatu, ukaze polepole. Mizunguko isipandane.

Bado sauti. Uzi mnene kabisa ni wa 6, mwembamba kabisa ni wa 1. Bonyeza wa 6 katika chumba cha 5; sauti iwe sawa na ya uzi wa 5 usiobonyezwa. Fanya hivyo wa 5 kwa wa 4, na wa 4 kwa wa 3. Lakini wa 3 bonyeza chumba cha 4 ili kupata wa 2. Hapa ndipo wengi hukosea, gitaa likalia ovyo! Wa 2 kwa wa 1 ni chumba cha 5 tena.

Nailoni mpya hulegea kwa siku kadhaa. Usigombane na mwenye duka, kaza tena tu.

Gitaa letu lilitengenezwa na seremala kwa gundi ya mbao. Linalia vizuri, ila kovu lipo.

Jibu katika daftari lako:
1. Kwa nini hatutambui aina ya gitaa kwa nyuzi nene?
2. Nyuzi za chuma huzidi za nailoni kwa kilo ngapi?