Upasuaji wa Uvimbe Mkubwa wa Pituitari

Chini ya ubongo imo tezi iitwayo pituitari, yenye ukubwa wa njegere. Uvimbe wake ukizidi milimita 10 huhesabiwa kuwa mkubwa. Ukipanda juu, huzibana neva za macho mahali zinapopishana. Hapo mkulima wa Mshangano, Songea, aweza kuyaona mahindi yaliyo mbele yake, asiione baiskeli ijayo ubavuni.

Mwaka 1907, mjini Innsbruck, Hermann Schloffer aliufikia uvimbe huo kwa kupitia puani. Njia hiyo hutumika hadi leo, kwani ubongo hausukumwi. Uvimbe uliosambaa kando huenda ukalazimisha fuvu lifunguliwe. Nchini Tanzania, upasuaji wa ubongo hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Neva iliyobanwa muda mrefu huenda isipone. Kwa hiyo macho yapimwe mapema.