Hadithi Ikikukaba Koo: Vidokezo 8 kwa Msomaji Mwenye Haraka

Unazijua hadithi hizo. Mama aliyepotezana na mwanawe wakati wa kuvuka ziwa mwaka 1996. Kijana wa milimani aliyempenda binti wa bondeni, wajomba wakang'aka. Mzee anayeeleza ukoo ulikotoka, mlima kwa mlima. Hujasoma hata mistari mitatu, macho yamelowa na kidole kimeshaanza kuandika jibu.

Kwetu Fizi, Kivu huku Kongo, hadithi za namna hii hazina msimu. Zinakukuta sokoni Baraka, zinakukuta umejibanza kibandani Bibokoboko ukisubiri mvua ikatike, na siku hizi zinakukuta kitandani kupitia simu. Najua huna muda, sombe iko jikoni. Twende haraka haraka.

1. Lia kwanza, jibu baadaye

Machozi hayana ubaya. Mwandishi aliyekuliza amefanya kazi yake, mpe haki yake! Tatizo ni jibu linalotoka pamoja na machozi. Hebu mtazame mama muuza ndakala pale sokoni: simu kaibana kati ya bega na sikio, anasikiliza odio ya dada yake aliyeko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, chozi linamdondoka, na mkono unaendelea kupima sahani ya ndakala bila kukosea. Jibu hatumi. Atatuma jioni akishafunga biashara. Huyo ndiye bingwa wetu.

Ujanja: laza simu kifudifudi, maliza kazi moja tu iliyo mbele yako, kisha soma tena. Kama bado unataka kusema lile lile, liseme. Mara nyingi utakuta nusu yake imeshapoa.

2. Subiri mpaka siku ya 12

Mwaka 1956, huko kwa Wanyanga, kaskazini mwa Kivu yetu hii, fundi wa kusimulia aitwaye Candi Rureke alimsimulia mtafiti Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo. Kazi hiyo ilichukua siku 12, kwa kuimba, kucheza na kusimulia. Biebuyck na Kahombo Mateene wakaichapisha kama kitabu mwaka 1969.

Sasa sikiliza habari yenyewe. Baba, Shemwindo, anatangaza kwamba wake zake wazae mabinti tu. Mwana wa kiume, Mwindo, anazaliwa. Baba anataka kumuua, inashindikana, mtoto anafungiwa ndani ya ngoma na kutoswa mtoni. Msomaji wa leo angeshaandika: "Baba gani huyu! Mtu wa kufungwa!" Na angekuwa na haki. Lakini ukivumilia utamkuta shangazi Iyangura akimpokea mtoto, utamwona Mwindo akimsaka babake hadi kuzimu, na mwishoni baba na mwana wanapatana na kugawana utawala. Aliyeondoka siku ya kwanza alibaki na muuaji tu. Aliyekaa hadi siku ya 12 alipata familia nzima, pamoja na matatizo yake yote.

Ujanja kwa mwenye haraka: kama huna muda wa kumaliza, usitoe hukumu. Andika tu "nitarudi", halafu urudi kweli.

3. Mapenzi yasikilize kwa sikio la shangazi

Hadithi ya mapenzi karibu kila mara husimuliwa na mmoja, naye, bahati iliyoje, ndiye aliyependa zaidi, aliyevumilia zaidi na aliyeonewa zaidi. Ajabu, eh? Isome mara ya pili ukijifanya shangazi wa yule mwingine. Mahari ilizungumzwaje? Ng'ombe waliahidiwa wangapi, wakafika wangapi? Binti mwenyewe aliulizwa?

Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alitoa riwaya ya *Rosa Mistika* mwaka 1971 na wasomaji wakawaka. Kitabu kilizuiwa shuleni kwa muda, baadaye kikaja kusomwa humo humo. Wengi walimkazia macho Rosa. Mimi naona mtu wa kuangaliwa sana ni Zakaria, babake mlevi aliyedhani kumfungia binti ndiko kumlea. Badilisha kiti unachokalia, na hadithi nayo inabadilika.

4. Nyayo hazisemi nani alimshika nani bega

Hiki nakipenda, nivumilie.

Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1978 na 1979 timu ya Mary Leakey ilifukua msururu wa nyayo kwenye majivu ya volkano yaliyoganda. Umri wake ni kama miaka milioni 3.6. Viumbe wa ukoo wa binadamu, wakitembea kwa miguu miwili, nyayo kubwa na ndogo zikiongozana. Unadhani watu waliona nini? Baba, mama na mtoto, bila shaka! Katika jumba la makumbusho la elimu ya viumbe jijini New York wakatengeneza hata sanamu: mume na mke wanatembea, mkono wa mume begani kwa mke. Inapendeza mpaka unataka kuwachangia harusi.

Ila majivu yanaonyesha miguu. Mikono haimo. Nani alikuwa mume, nani mtoto, nani jirani tu anayeelekea upande huo huo, nyayo hazijasema. Na mwaka 2016 zikatangazwa nyayo za wengine wawili waliopita karibu na hapo, mmoja akiwa mkubwa kuliko wote. Familia ile ya watu watatu ikawa na wageni.

Wala usidhani mambo haya ni ya Tanzania peke yake. Huku kwetu Kongo, Ishango, kando ya Ziwa Edward, Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa wenye mikato iliyopangwa kwa mafungu, wa miaka kama 20,000. Mpenda hesabu akaona hesabu. Mpenda nyota akaona kalenda ya mwezi. Kila mtu akajiona mwenyewe!

Ujanja: chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto andika "kilichoonekana", kulia andika "nilichoongeza mimi". Fanya hivyo kwa hadithi yoyote ya asili, hata ile ya nyumbani kwenu. Safu ya kulia huwa ndefu, na hakuna haja ya kuona haya. Ndiyo inayokuonyesha moyo wako uko wapi. (Na kama wewe ni mtu wa Mwanzo sura ya kwanza, tulia, hakuna anayekunyang'anya Adamu. Karatasi hiyo inafanya kazi kanisani pia.)

5. Uliza kilima, usiulize mwaka

Hapa tupunguze mwendo, barabara ina mashimo.

Vilima vya Bibokoboko vimekaliwa na Wabembe, Wanyamulenge, Wafuliiru na Wanyindu, na kila nyumba ina hadithi ya ilikotoka. Kwingine hadithi ya asili ni burudani ya kusubiria ugali. Kwetu ina mihuri. Sheria ya uraia ya 1981 ilitaka ukoo wako uwe wa kabila lililokuwamo ndani ya mipaka ya Kongo tarehe 1 Agosti 1885. Ile ya Novemba 2004 ikasogeza kipimo hadi uhuru, yaani 1960. Kwa hiyo mzee akianza, "Babu yangu alipanda na ng'ombe wake hadi hapa...", nusu ya wasikilizaji wanasikia hadithi, nusu wanasikia kesi mahakamani. Oktoba 2021 vijiji vya Bibokoboko vilishambuliwa, nyumba zikachomwa, watu wakashuka Baraka na vifurushi kichwani. Baada ya hayo, usishangae mtu akikusimulia asili yake kwa sauti ya juu, au akikataa kabisa kuisimulia.

Ujanja: lile swali la "mlifika lini?" liache. Ni swali la ofisa mwenye daftari, na anayeulizwa hufunga mlango. Uliza hivi: "Bibi yako aliteka maji kijito gani? Nani amezikwa pale juu? Siku ya soko mlishuka na nini, mkapanda na nini?" Utapewa majina ya vijito, majina ya ng'ombe, habari za maziwa yaliyoshuka na mawese yaliyopanda. Na ukisikiliza vizuri, mara nyingi mtu wa kabila lako yumo ndani ya hadithi ya mwenzako, kakaa kwenye kigoda, anapewa kikombe cha maziwa.

Hadithi mbili zikipingana, ziache zote mbili zikae. Si lazima wewe uwe hakimu leo usiku.

6. Odio inayolia iulizwe jina

Imeingia kwenye kundi la WhatsApp. Sauti ya mwanamke analia, watoto wake wamefanyiwa hivi na watu wa kabila fulani, "tuma kwa ndugu kumi". Moyo unakimbia. Kabla ya kusambaza, maswali matatu tu: ni nani huyu, yuko kijiji gani, ni lini? Likikosekana jibu hata moja, odio ilale kwako. Huenda kilio ni cha kweli lakini cha mwaka mwingine na mahali pengine. Umeokoa unite zako za simu, na pengine nyumba ya mtu.

7. Huzuni haina mashindano

Mtu kasimulia alivyompoteza kaka yake, na wewe hapo hapo: "Hiyo si kitu, mimi..." Jamani! Yako isubiri zamu.

Iga mtindo wa ujumbe wa Msalaba Mwekundu, ule unaotumika kutafutana ndugu waliotenganishwa na vita. Karatasi yake haifungwi, na kinachoruhusiwa ni habari za familia tu: nani yu hai, yuko wapi, nani kazaliwa, nani katutoka. Hakuna siasa wala mahubiri. Tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 upande wa Kigoma, watu wengi wa Fizi wamejua thamani ya maneno machache ya aina hiyo. Jaribu kumjibu msimulizi vivyo hivyo: "Nimesoma. Pole, dada. Kaka yako aliitwa nani?" Sentensi tatu, kazi imekwisha.

8. Nasa sauti, haili unite

Umesoma za watu vya kutosha, za kwenu je? Kinasa sauti kimo kwenye simu yako, tena hakihitaji mtandao. Mwendee bibi jioni, usianze na "nisimulie historia ya ukoo", atakohoa tu. Mpe kitu mkononi: kibuyu cha zamani, kitenge, picha iliyopauka. Uliza, "Hiki ulikipata wapi, bibi?" kisha funga mdomo. Akinyamaza, nyamaza naye. Akicheka katikati ya habari ya msiba, cheka naye, anajua anachofanya. Ukimaliza, taja kwenye kinasa hicho hicho tarehe, mahali na majina ya wote waliotajwa, halafu mtumie ndugu mmoja aliye mbali, Kigoma au Marekani, nakala moja. Simu huibwa, huanguka ziwani pia.

Fanya leo. Wazee hulala mapema.