Televisheni Mpya Isilete Ugomvi Nyumbani



Tunapozungumza juu ya mambo yanayovuruga nyumba, tunataja ulevi, uzinzi na maneno ya mashemeji. Ni wachache wanaotaja televisheni. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe, ugomvi huanza siku ile mkokoteni unaposhusha boksi kubwa mlangoni. Leo basi tujifunze namna mume na mke wanavyoweza kubadilisha vyombo vya burudani bila kuharibu maelewano yao.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuseme kuna mume na mke wanaoishi Likoni. Mume huvuka feri kila asubuhi kwenda kazini bandarini, na mke huuza mahamri na viazi karai. Televisheni yao ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa, imeanza kufifia. Siku ya mshahara mume anapita mjini, anaona televisheni bapa iliyopunguzwa bei, anailipia shilingi 28,000. Anavuka nayo akitumaini kupokewa kwa vigelegele.

Kufika nyumbani, mambo yanageuka. Meza ni nyembamba, miguu ya televisheni inaning'inia. King'amuzi cha zamani hutoa picha kwa nyaya tatu, ya njano, nyeupe na nyekundu, na televisheni mpya haina matundu hayo. Spika nazo hazipati pa kuchomekwa. Fundi anaitwa, naye anataja kibao cha ukutani 2,000, king'amuzi kipya 3,000, kifaa cha kuunganisha spika 1,500, kinga ya umeme 1,500 na ujira wake 1,000. Jumla ni shilingi 9,000 zaidi.

Saa tatu usiku watoto bado wanatazama kioo cheusi. Mke anauliza mbele ya fundi, "Baba watoto, karo iko wapi?" Mume anajibu, "Kwani nimeiba? Hili ni jasho langu." Siku nne zinapita hawasemezani.

TUSIMCHEKE MUME HUYU

Vyombo hivi vimewahangaisha watu nchi nzima. Mwaka 2006 mataifa mengi yalikutana Geneva na kukubaliana kuachana na matangazo ya televisheni ya analogi, na tarehe 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa kikomo. Kenya ilizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009 kwa mfumo uitwao DVB-T, kisha ikahamia mfumo mpya zaidi, DVB-T2. Waliokuwa wamewahi kununua ving'amuzi vya mfumo wa kwanza walilazimika kununua tena, kwa sababu king'amuzi cha mfumo wa kwanza hakiwezi kusoma mawimbi ya mfumo wa pili.

Nairobi ilizimiwa analogi tarehe 31 Desemba 2014. Zamu ya Mombasa na miji mingine ilipangwa kuwa tarehe 2 Februari 2015. Katikati ya mwezi huo, mvutano juu ya uhamaji huo uliviondoa hewani vituo vya KTN, NTV, QTV na Citizen, navyo havikurudi mpaka mapema Machi. Hata mtu aliyekuwa na king'amuzi kipya mkononi hakuweza kuvitazama.

Kwa hiyo ukikasirika kwa sababu chombo kipya hakifanyi kazi, usidhani mwenzako ni mjinga. Mara nyingi chombo kimoja hudai kingine, na muuzaji hataji vyote.

MAMBO YA KUJUA KABLA YA KUNUNUA

Kwanza, ulizeni kama televisheni ina DVB-T2 ndani yake. Ikiwa nayo, vituo vya bure mtavipata kwa kuunganisha antena tu, bila king'amuzi. Wenzetu wa Likoni pengine wangeokoa zile shilingi 3,000. Mkinunua ya mtumba kutoka nje, kuweni waangalifu zaidi, maana huenda ilitengenezewa mfumo wa kwanza.

Pili, kagueni antena. Zamani, mawimbi yakiwa hafifu, picha ilijaa chenga lakini mliendelea kutazama. Dijitali haiko hivyo. Mawimbi yakipungua kidogo, picha hukatika vipande, na yakipungua zaidi hupotea kabisa. Kwetu pwani hewa ya chumvi hula viungio vya waya juu ya paa. Kabla ya kulaumu televisheni, fungueni kiungio mkitazame kama kina kutu.

Tatu, tazameni matundu yaliyo nyuma ya kila chombo mnachotaka kubaki nacho. Ni afadhali kumwonyesha muuzaji waya wa spika zenu dukani kuliko kuuleta fundi usiku.

Nne, pimeni meza au ukuta. Na kama mnataka king'amuzi cha kulipia, andikeni malipo ya kila mwezi mara 12. Hapo ndipo mtaona bei ya kweli ya mwaka.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Sasa turudi kwenye nyumba yetu. Je, walikosana kwa sababu ya waya? Hapana. Mume alifanya uamuzi wa wawili akiwa peke yake. Alipoulizwa, alisema "jasho langu", kana kwamba mahamri ya alfajiri hayana jasho. Neno hilo lilimuumiza mke kuliko bei yenyewe.

Mke naye alikosa. Swali lake lilikuwa la haki, lakini alilitoa mbele ya mgeni na watoto. Mtu aliyeaibishwa hajibu swali, hujitetea. Laiti angengoja fundi aondoke, pengine angepata jibu.

WAFANYE NINI SASA?

Mume aanze kwa kusema wazi, "Mama watoto, nilikosea kununua bila kukuuliza." Asiongeze "lakini". Mke naye akiri kwamba alimwaibisha mwenzake. Kisha wakae na daftari, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari. Waandike karo kwanza, halafu chakula, kodi na umeme. Kitakachosalia ndicho kitaamua kama vifaa vya fundi vinunuliwe mwezi huu au vingoje. Televisheni inaweza kukaa kwenye boksi lake mwezi mmoja bila kuharibika. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo hupitwa na masomo kila siku anayokosa.

Mwisho, wakubaliane kiwango. Chochote kinachozidi kiasi fulani, tuseme shilingi 3,000, hakinunuliwi na mmoja bila ya mwingine kujua, awe ni mume au mke. Hata kama kimepunguzwa bei. Hata kama muuzaji anasema ni cha mwisho.

MASWALI YA KUJADILI WAWILI

1. Chombo cha mwisho kikubwa kilichoingia nyumbani mwetu, nani aliamua kinunuliwe? Mwingine alijisikiaje?

2. Je, tuna kiwango tulichokubaliana cha matumizi ya mtu mmoja? Kama hatuna, kiwe shilingi ngapi?

3. Kuna swali la pesa ambalo mmoja wetu huogopa kuuliza? Tulizungumze leo usiku, watoto wakishalala na televisheni ikiwa imezimwa.