Pumziko Chini ya Mretemu

Somo: 1 Wafalme 19,1-18

Wahenga husema: Baada ya dhiki faraja. Neno hili ni jema, nasi tumelisema mara nyingi kando ya vitanda vya wagonjwa na katika nyumba za matanga. Lakini mtu aweza kulisikia vibaya, akidhani ya kuwa Mungu hana cha kumpa mpaka dhiki iishe. Yule aliyekosa mavuno mwaka wa pili, au mama auguzaye mtoto miezi mingi, atatuuliza: Na leo je? Kuna nini kwa ajili ya leo? Ndugu wapendwa, swali hilo ni la haki. Na tulitafutie jibu katika habari za Elia.

Elia hakuwa mtu wa imani haba. Mlimani Karmeli alisimama peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali, na moto wa Bwana ukashuka. Kisha mvua ikanya baada ya ukame mrefu. Walakini Yezebeli alipotuma mjumbe kumwapia kifo, Elia aliogopa, akakimbia. Alitoka Yezreeli akafika Beer-Seba, mwendo wa zaidi ya kilometa 140, nje kabisa ya nchi ya mfalme Ahabu. Huko akamwacha mtumishi wake, akaingia nyikani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, kichaka chenye vijiti vyembamba na kivuli kidogo. Hapo akaomba afe.

Tuangalie jambo hili: uchovu huo ulimpata baada ya kushinda, wala si baada ya kushindwa. Basi tusiwe wepesi wa kumwambia ndugu aliyelemewa ya kwamba imani yake imepungua. Huenda ametumika sana, na nguvu zake zimekwisha. Mungu alimtendeaje mtumishi wake? Twaona mambo matatu.

Kwanza, Mungu alimpa usingizi na chakula. Elia alilala, na malaika akamgusa. Malaika hakuja na karipio wala na hotuba. Alikuja na mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Elia akala, akanywa, akalala tena. Wala hakuamshwa kwa haraka. Malaika alimjia mara ya pili na chakula kilekile, akasema tu kwamba safari iliyo mbele yake inazidi nguvu zake. Muumba wetu ajua ya kuwa sisi tu mavumbi. Mwenye kulala usiku wa taabu, akimwachia Mungu ulinzi, hatendi dhambi ya uvivu. Hiyo nayo ni imani.

La pili, Mungu alimsikiliza. Baada ya siku 40 Elia alifika Horebu, akaingia pangoni, na Bwana akamwuliza anafanya nini huko. Elia akatoa malalamiko yake: manabii wameuawa, nami nimesalia peke yangu. Ukapita upepo wa nguvu, na tetemeko la nchi, na moto, Bwana hakuwamo. Kisha ikaja sauti ndogo ya utulivu. Bwana akauliza tena swali lilelile, na Elia akajibu kwa maneno yaleyale. Mungu hakumkatiza hata mara moja.

Lakini je, ni kweli kwamba alikuwa peke yake? Sivyo. Obadia alikuwa amemwambia waziwazi kwamba amewaficha manabii 100 mapangoni na kuwalisha. Hata yule mtumishi wa Beer-Seba, Elia mwenyewe ndiye aliyemwacha. Ndiyo desturi ya uchungu: hutufumba macho tusiwaone ndugu, kisha hutuambia ya kuwa hatuna ndugu.

La tatu, Mungu alimpa kazi na mwenzake. Alimwambia arudi kwa njia aliyoijia, awatie mafuta Hazaeli na Yehu, na Elisha awe nabii mahali pake. Akamjulisha pia kwamba wako watu 7000 katika Israeli wasiompigia Baali magoti. Yezebeli alikuwa angali hai, na hatari ilikuwa ileile. Dhiki haikuwa imeondoka, ila Elia hakurudi kama alivyokuja. Tangu siku hizo alikuwa na Elisha, aliyemmiminia maji mikononi.

Mambo hayohayo twayaona kwa Dokta Martin Luther. Mwaka wa 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamia Jena, na mtawala wa Saksonia alimtaka Luther aondoke naye. Luther akakaa pamoja na wagonjwa, na nyumba yake ikawa kama hospitali. Yeye mwenyewe alikuwa ameugua sana mwezi wa Julai, tena moyo wake ulisumbuliwa na huzuni nzito. Mtu huyu aliyewafariji wengi hakuona haya kuungama mbele ya mchungaji wake, Johannes Bugenhagen, na kuwaandikia rafiki zake wamwombee. Mwezi wa Desemba alizaliwa binti yake Elisabeth. Mwezi wa Agosti 1528 mtoto huyo akafa. Basi amani ya Luther haikungoja siku isiyo na machozi. Aliishika katika Neno la Mungu na katika vinywa vya ndugu.

Sasa tujipime sisi wenyewe. Ukiwa umechoka, usione haya kula na kulala, wala kumwambia Mungu maneno yaleyale ya jana. Usimwache mtumishi wako Beer-Seba. Yaani, usijitenge na wale waliopewa kukusindikiza. Nasi walimu na wazee, tunapokwenda kwa mwenye huzuni, tujifunze utaratibu wa malaika: mkate kwanza, maneno baadaye. Tukichukua unga na kuni, tukafagia ua, tukamlinda mgonjwa usiku mmoja ili mama yake alale, tumekwisha kuanza kuhubiri.

Maswali ya kufikiri nyumbani: Ni nani katika usharika wetu aketiye leo chini ya mretemu? Nani atampelekea mkate? Nasi, ni ndugu yupi tuliyemwacha nyuma kwa sababu ya uchungu wetu?

Ee Bwana, wewe hukumwacha mtumishi wako nyikani. Utupe pumziko lako leo, kabla ya dhiki yetu kuisha, na utufumbue macho tuwaone ndugu uliotupa. Amina.