Mto Uliotangulia Mlima

Maji huteremka, hayapandi. Ishike kanuni hiyo moja, kisha fungua ramani ya Ujerumani ufuate Mto Rhine kwa kidole. Unatoka kwenye theluji za milima ya Alpi nchini Uswisi, unapita Basel, halafu unaelekea kaskazini katika bonde pana, tambarare, mpaka mji wa Mainz. Hapo unakutana na ukuta: milima ya mawe ya sleti inayotanda kutoka Ubelgiji hadi katikati ya Ujerumani. Mto unageuka magharibi na kuambaa na ukuta huo kwa mwendo mfupi, kama ilivyotarajiwa. Lakini ukifika Bingen unafanya jambo la ajabu: unaingia moja kwa moja ndani ya mlima, na hautoki humo mpaka Koblenz, kilomita 65 mbele.

Mwaka 2002 UNESCO iliiandika sehemu hii kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni huenda kutazama ngome zipatazo 40 zilizokaa vileleni, miji midogo iliyobanwa kati ya maji na jabali, na mashamba ya mizabibu kwenye miteremko ambayo hata kusimama ni kazi. Wengi hupanda meli, hupiga picha, hushuka. Hakuna ubaya, lakini wanapitwa na swali lililo kubwa kuliko ngome zote: maji yaliingiaje humu? Kwa maoni yangu, anayelipata jibu la swali hilo anapata pia ufunguo wa karibu kila kitu kingine atakachokiona bondeni.

Tuanze na majibu yanayokuja upesi. Labda mlima ulipasuka na maji yakaufuata ufa. Ufa ni kweli husaidia, na kusini ya hapo mto umepita ndani ya bonde la ufa halisi, ndugu wa lile letu la Afrika Mashariki kwa namna lilivyoumbwa: ardhi ilivutwa pande mbili, katikati ikadidimia. Ila bonde hilo halikuendelea kwa upana wake hadi kwenye korongo. Au labda maji yalijaa nyuma ya mlima yakawa ziwa, kisha yakamwagika juu na kuchimba njia. Hilo lingewezekana endapo mlima ungekuwapo kwanza, na mto ukafuata. Sasa tugeuze mpangilio. Je, kama mto ndio uliotangulia?

Fikiria msumeno ulioshikwa imara mahali pamoja, ukienda mbele na nyuma, na gogo likawa linainuliwa polepole kutoka chini kuelekea kwenye meno yake. Msumeno haupandi wala haushuki, na bado gogo linakatika kutoka juu hadi chini. Mto Rhine ndio msumeno. Ulikuwa ukipita juu ya nchi iliyo karibu tambarare, mabaki ya milima ya zamani sana iliyokwisha kulika. Nchi hiyo ilipoanza kuinuka, mto uliendelea kukata pale pale ulipokuwa. Haukuupanda mlima hata siku moja. Mlima ndio uliopanda, huku na huku, ukauacha mto chini.

Maji matupu hayakati mwamba kwa haraka. Kinachokata ni mzigo wake: mchanga na kokoto zinazoburutwa juu ya sakafu ya mto, zikiigonga na kuikwangua. Baridi nayo husaidia. Maji yanayoingia kwenye nyufa za sleti huganda, na barafu huchukua nafasi kubwa kuliko maji yaliyoizaa, hivyo jiwe husukumwa na kubanduka. Sleti hii ilianza kama tope la bahari takriban miaka milioni 400 iliyopita, ikakandamizwa kwa nguvu hata ikawa na tabia ya kupasuka katika mabamba membamba. Mabamba hayo ndiyo yaliyoezeka mapaa ya bonde zima, ndiyo maana miji ile inaonekana ya kijivu kizito hata jua likiwaka.

Ushahidi uko wapi? Uko juu, mahali ambapo mtu hatarajii kuukuta. Kwenye kingo za korongo, zaidi ya mita 100 juu ya maji ya leo, kuna ngazi pana za ardhi zilizofunikwa na kokoto za mto. Kokoto za mto ni za mviringo kwa sababu zimegongana kwa safari ndefu, na miongoni mwake mna vipande vya miamba migumu iliyotoka Alpi. Jiwe haliwezi kutoka Alpi likapanda mlimani lenyewe. Lilifika pale wakati pale palikuwa sakafu ya mto. Wanajiolojia wanakadiria kwamba ngazi kuu iliachwa na mto takriban miaka 800,000 iliyopita. Tuchukue kwamba tangu hapo mto umekata mita 130, yaani milimita 130,000. Gawanya kwa miaka 800,000, unapata milimita 0.16 kwa mwaka. Hakuna mwanadamu aliyewahi kuliona korongo hili likichimbwa, na hatatokea.

Kilichoiinua nchi ni joto. Chini ya eneo la Eifel, magharibi ya mto, ndani kabisa chini ya ganda la dunia, mna miamba yenye joto kuliko ile inayoizunguka, na kitu chenye joto hutanuka, huwa chepesi, husukuma kilicho juu yake. Vipimo vya setilaiti vinaonyesha kwamba sehemu za Eifel bado zinapanda, hadi kama milimita moja kwa mwaka.

Basi kila kitu kinategemea nani ana kasi zaidi, mlima au mto. Msomaji wa Afrika Mashariki ana mfano wa mito iliyoshindwa karibu na nyumbani. Zamani Katonga na Kafu, nchini Uganda, ilitiririka kuelekea magharibi. Ukingo wa Bonde la Ufa la magharibi ukaanza kuinuka mbele yake, na mito hiyo, ikipita kwenye nchi yenye mteremko mdogo, haikuwa na nguvu ya kukata kwa kasi iliyotakiwa. Maji yakasimama. Kisha yakarudi nyuma, yakajikusanya kwenye nchi iliyolala katikati ya mabonde mawili ya ufa, na hivyo likazaliwa Ziwa Viktoria, kwa makadirio ya miaka 400,000 hivi iliyopita. Leo ndani ya bonde la Katonga kuna kinamasi cha mafunjo ambako maji huachana, mengine yakienda mashariki, mengine magharibi. Kwa macho yangu kinamasi kile kina thamani ya ngome nyingi, na ningetamani vitabu vya shule viweke picha yake kando ya picha ya korongo la Rhine. Sheria ni ile ile, matokeo yamekuwa kinyume.

Rhine wenyewe uliwahi kuzibwa. Takriban miaka 13,000 iliyopita volkano ya Laacher See, kaskazini-magharibi ya Koblenz, ililipuka. Jivu na mawe mepesi viliujaza mto kwa muda mfupi mno kwa msumeno wowote, maji yakarudi nyuma yakawa ziwa, halafu kizuizi kikavunjika na gharika ikateremka kuelekea kaskazini. Ziwa la shimo la volkano hiyo lipo mpaka leo, tulivu, na kando yake watawa wa Kibenedikto wana abasia ya mawe iliyoanzishwa mwaka 1093.

Sasa tuingie bondeni. Kama una siku moja tu, nenda Boppard. Hapo mto unapinda kizingo kikubwa kuliko vyote vya Rhine, karibu ujirudie wenyewe. Mto unaoteremka mlimani kwa kasi haupindi hivi. Kuzurura kwa vizingo ni tabia ya mto wa nchi tambarare. Kukikuta kizingo kama hicho kimezama ndani ya mlima ni kukuta mwendo wa zamani umehifadhiwa: mto ulikuwa ukizurura tayari kabla nchi haijainuka, na umbo lake likashuka nalo chini. Kuna kiti cha kamba kinachopandisha wageni mpaka juu, na toka huko mto mmoja unaonekana katika vipande vinne, kama maziwa manne yaliyotenganishwa na vilima. Mjini chini zimebaki kuta za ngome ya Warumi ya karne ya 4, walipoufanya mto huu kuwa mpaka wa dola yao.

Ukingo wa nje wa kizingo hicho umeelekea kusini, na umejaa mizabibu. Mahali hapa pako karibu nyuzi 50 kaskazini ya ikweta. Siku ya Machi au Septemba ambapo usiku na mchana hulingana, jua la adhuhuri hufika nyuzi 40 tu juu ya upeo wa macho. Mwanga ukilala hivyo, miali ile ile hutawanywa juu ya eneo kubwa zaidi, na ardhi tambarare hupata kama asilimia 64 ya nguvu ambayo ingepata jua likiwa utosini. Inamishe ardhi nyuzi 30 kuelekea kusini, na sehemu hiyo inapanda kuwa asilimia 94. Kwa hiyo mteremko ni sawa na kulisogeza shamba karibu na ikweta. Sleti nyeusi hunywa joto mchana na kulitoa usiku. Zabibu aina ya Riesling hukomaa pale kwa sababu hizo, na wakulima wamejenga kuta za mawe kwa mikono, karne baada ya karne, ili udongo usiporomoke. Mashine nyingi haziwezi kupanda huko, na katika bonde zima sehemu kubwa ya mashamba ya namna hiyo imeachwa ikawa kichaka. Inasikitisha kuiona.

Loreley ni jabali lenye urefu wa mita 132 juu ya maji. Hadithi ya mwanamke mrembo anayewapoteza mabaharia kwa wimbo haikutoka kwa wazee wa kale. Mshairi Clemens Brentano alimtunga mwanamke huyo mwaka 1801, na wimbo unaowapoteza mabaharia uliongezwa na washairi waliomfuata. Hatari ndiyo ya kale. Kiasi cha maji kinachopita kila sekunde kinalingana na upana mara kina mara kasi, na maji yaliyoingia juu lazima yatoke chini. Mwamba ukiubana mto hata upana ukawa nusu, kina na kasi zikizidishwa pamoja lazima ziwe maradufu. Ndivyo ilivyo hapa: njia nyembamba, kona kali, kina kinachozidi mita 20, mkondo wenye nguvu. Meli huongozwa kwa taa ili zijue nani anakuja upande wa pili. Januari 2011 meli iliyobeba tani 2,400 za asidi ya salfuriki ilipinduka karibu na hapo, watu wawili wakapoteza maisha, na njia ikasumbuka kwa wiki kadhaa.

Wembamba huo ndio ulioleta ngome. Katika Enzi za Kati, chombo cha kwenda juu kilivutwa kwa kamba na farasi au watu waliotembea ukingoni. Hakikuweza kujificha wala kuzunguka. Mwenye jabali na askari wachache alikuwa na ushuru wa uhakika, na ushuru huo ulizidi kiasi kwamba mwaka 1254 miji ya Rhine iliunda muungano wa kupambana nao. Ngome ninayoipenda kuliko zote ni Pfalzgrafenstein, iliyojengwa kuanzia miaka ya 1320 juu ya kisiwa cha mwamba katikati ya mto, mbele ya mji wa Kaub. Imechongoka upande maji yanakotoka, ili kuyapasua mapande ya barafu ya majira ya baridi. Ni hapo ambapo jenerali Blücher wa Prussia alilivusha jeshi lake kumfuata Napoleon, usiku wa kuamkia Januari 1, 1814. Ngome nyingi nyingine zilibomolewa na majeshi ya Ufaransa mwaka 1689, na baadhi ya zile zinazong'aa leo, kama Stolzenfels, zilijengwa upya karne ya 19. Ya kilimani ambayo haikubomolewa kamwe ni Marksburg, juu ya Braubach.

Karibu na Bingen sakafu ya mto si sleti. Ni mwamba wa kwatziti, mgumu zaidi, uliokataa kulika sawa na wenzake ukabaki kama kizingiti majini. Wafanyabiashara wengi walikuwa wakishusha mizigo na kuivusha kwa nchi kavu. Serikali ya Prussia iliulipua mwamba kupanua mlango, kazi iliyokamilika mwaka 1832.

Kaub nako sakafu ni mwamba, na kina ni kidogo. Oktoba 2018, baada ya kiangazi kirefu, kipimo cha hapo kilisoma sentimita 25. Sifuri ya kipimo hicho haiko kwenye sakafu ya mto, kwa hiyo maji kwenye njia ya meli yalikuwa na kina zaidi ya hapo. Hata hivyo hayakutosha. Meli inayotoka Rotterdam kwenda Basel hupakia kulingana na mahali penye kina kidogo kuliko pote njiani, na mahali hapo ni Kaub. Mwaka huo meli zilipita zikiwa zimebeba sehemu ndogo tu ya uwezo wake, na kiwanda kikubwa cha kemikali cha Ludwigshafen, kilicho mbali kusini ya korongo, kikalazimika kupunguza uzalishaji.